Mchezaji Huyo Huyo

Kimbe,
Jumatatu, 9 Juni 1986

Dada Skola mpendwa,

Nilifika salama, ingawa lori la Bosko lilikuwa limejaa chikichi na nilikaa juu ya mzigo safari nzima. Masista wamenipa kitanda karibu na dirisha. Chakula ni wali na samaki wa kopo kila siku. Nimeshaanza kuyaota magimbi ya Mama.

Sasa nikueleze kuhusu kazi hapa Redio Kasoari. Mkuu wangu anaitwa Bwana Vagi. Anatoka mbali, upande wa Papua, kwa hiyo mambo yetu mengi ya huku hayajui. Ana sauti nzito, hata akiomba chumvi unadhani serikali imeanguka. Amesema nitajaribiwa mpaka fainali ya raga. Nikifaa, nafasi ya msomaji wa habari ni yangu. Nisipofaa, narudi Makovi kuokota chikichi na Baba. Dada, sitaki kuokota chikichi. Unajua mbele za watu ulimi wangu hukauka, lakini humu studio hakuna watu, kuna kipaza sauti na ukuta uliofunikwa mablanketi. Nikishindwa hata kuongea na blanketi, nitafaa wapi?

Habari yangu ya kwanza ilikuwa lori lililopinduka darajani. Niliiandika kama insha ya shule: "Ilikuwa asubuhi njema, jua likiwaka na ndege wakiimba." Bwana Vagi aliisoma, akavua miwani.

"Binti, jua limeumia?"

"Hapana, bwana."

"Na hao ndege, wamelazwa?"

"Hapana, bwana."

"Basi waache waende zao. Nani kapinduka? Wapi? Lini? Kapona?"

Anasema msikilizaji yuko jikoni, mtoto analia, sufuria inafoka, wala hawezi kurudi nyuma kusikiliza tena. Sentensi moja, pumzi moja. Na kabla ya yote, nani.

Siku ya kwanza ya kusoma nilinong'ona mpaka fundi mitambo akatoka nje kuangalia kama mlingoti umeanguka. Bwana Vagi akaniambia, "Usiusomee mkoa mzima, utakufa. Chagua mtu mmoja, msimulie yeye." Nimekuchagua wewe. Jumapili jioni nitasoma matokeo ya raga. Tafadhali kaa karibu na redio.

Mdogo wako,
Apolonia


Makovi,
18 Juni 1986

Mdogo wangu Apo,

Tumekusikia! Baba aliitundika redio kwenye nguzo ya baraza, akafukuza kuku, akaamuru hata watoto wasipumue. Ulipoanza, jirani yetu Bi Veronika akauliza, "Huyu ni Apolonia wetu, au wamemfungia mtu mwingine humo ndani?" Ulisoma vizuri. Mwishoni ulikimbia kidogo kama mtu anayefukuzwa na nyigu, lakini vizuri.

Sasa kaa chini. Uko peke yako? Nina mchumba. Ni yule mwenye jezi namba mbili wa timu ya Papa wa Lolobea. Ndiyo, huyo huyo aliyewanyang'anya Mamba wetu kombe mwaka jana, Baba akagoma kula samaki wa Lolobea mpaka leo. Mama yake amenipa mkoba aliousuka kwa mkono wake, nami nimeupokea. Unajua maana yake. Nimeshakuwa wao. Baba hajui kitu, tunasubiri siku atakayokuwa ameshiba na Mamba wameshinda, na siku hizo mbili haziji pamoja. Usimwambie mtu, hata masista.

Kuanzia leo ni shemeji yako, ndiyo maana jina lake siliandiki. Na wewe lisikutoke mdomoni. Sina haja ya kukukumbusha: ukilitamka jina la mkwe umeutukana ukoo wake wote, na tusi hilo halifutiki bila nguruwe.

Dada yako mwenye furaha,
Skolastika


Kimbe,
Jumatatu, 23 Juni 1986

Dada Skola,

Kwa nini shemeji hawezi kutulia hata Jumapili moja?

Lolobea walipata trai tatu jana na zote tatu amefunga yeye. Mwandishi wetu wa uwanjani aliniletea karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa, amelipigia na mstari. Nilikaa na karatasi ile mpaka jasho likaniteremka mgongoni. Mwisho niliandika hivi, na hivi ndivyo nilivyosoma:

"Papa wa Lolobea wameishinda timu ya polisi. Trai ya kwanza ilifungwa na mchezaji wa Lolobea. Trai ya pili ilifungwa na mchezaji huyo huyo. Trai ya tatu, alikuwa ni yeye tena."

Nyuma ya kioo nilimwona Bwana Vagi akipunga mikono kama anayezama. Nilipotoka alikuwa amesimama mlangoni.

"Yeye nani? Roho Mtakatifu?"

"Hapana, bwana."

"Simu haijanyamaza. Polisi wanauliza nani kawafunga, na wao walikuwepo! Padri anauliza. Kwa nini hukumtaja?"

Nilisema nilisahau. Alinyanyua ile karatasi, akanionyesha zile herufi na ule mstari. Dada, ningemweleza nini? Nikimwambia ni mkwe, nimetoboa siri yako. Niliangalia viatu vyangu mpaka akachoka kusubiri.

Amesema habari isiyo na nani ni uvumi, na uvumi watu wanao wa kutosha sokoni. Mwambie shemeji, kama anaweza, awe anawapasia wenzake.

Apolonia


Makovi,
30 Juni 1986

Apo, mdogo wangu mwenye adabu,

Adabu yako itaniua.

Tulikuwa wote barazani. Uliposema "mchezaji huyo huyo", Bi Veronika aliacha kutafuna popoo. "Mbona hamtaji?" Mjomba akasema labda hujui jina lake. "Hajui? Mbwa wa kijiji hiki wanalijua! Mtoto analiruka jina la mwanamume kama anaruka shimo. Ni jina la nani hurukwa hivyo, jamani?"

Watu wakageuka kumtazama Baba, kisha wakageuka kunitazama mimi. Bi Veronika akamalizia, "Golu, wakubwa wote umeshawaoza. Aliyebaki nyumbani ni nani vile?"

Baba alizima redio kwa nguvu hadi kitufe kikambakia mkononi. Tangu siku hiyo hasemi nami. Anamsemesha mbwa nikiwa hapo hapo. "Mbwa, mwambie dada yako chai imepoa."

Basi ndivyo ulivyotangaza uchumba wangu mkoa mzima, kwa kunyamaza! Na kule Lolobea ni sherehe. Mama mkwe alilia kwa furaha: "Msichana wa redio ametuheshimu mbele ya watu wote!" Kwa hiyo sasa usije ukathubutu kulitaja. Ukilitaja, umewatupia mkoba wao hadharani.

Skolastika


Makovi,
1 Julai 1986

Apolonia,

KAUTU MAPA.

Nimeliandika juu kabisa ili uone halinichomi vidole. Kautu Mapa si mkwe wangu. Kautu Mapa hatakuwa mkwe wangu. Jumapili utalisoma jina hilo lote, polepole, kama unavyosoma la waziri mkuu, watu wasikie kwamba kati yetu na huyo mwizi wa makombe hakuna kitu.

Mama yako anakuletea magimbi. Kula, umekonda hata sauti.

Baba yako,
Golu Sege


Kimbe,
7 Julai 1986

Baba mpendwa,

Asante kwa magimbi. Masista pia wanashukuru.

Najua jana ulikuwa unasikiliza, na najua sikutimiza agizo lako. Naomba usinikasirikie. Kwanza niliandika, "Mpira ulivuka mstari." Bwana Vagi akauliza, "Peke yake? Umeota miguu?" Nikaandika, "Namba mbili alifunga, kisha namba mbili akafunga tena." Akauliza kama hii ni taarifa ya habari au bahati nasibu. Mwishowe niliposoma nilikohoa pale penye jina. Nilikohoa sana. Mama mmoja ameniletea dawa ya kifua.

Baba, mimi ni mtoto tu na mambo ya wakubwa siyajui. Sijui lolote kuhusu mkoba wowote.

Fainali ni Jumapili ya tarehe ishirini, Mamba wetu na Papa. Nitasoma moja kwa moja hewani, na wakubwa wa Port Moresby watakuwa wanasikiliza. Bwana Vagi ameniambia, "Nani, au chikichi. Chagua." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana nimeogopa zaidi.

Binti yako,
Apolonia


Makovi,
15 Julai 1986

Apo,

Imekwisha. Jumamosi nilimkuta sokoni akicheka na msichana wa gauni jekundu, tena amembebea nazi zake. Mimi sijawahi kubebewa hata moja. Nilikwenda moja kwa moja Lolobea nikauning'iniza mkoba mlangoni kwa mama yake, nikaondoka bila kuaga. (Ni mkoba ule ule ambao Baba ameutafuta chini ya kila kitanda tangu ilipofika barua yako. Nani alikutuma utaje mkoba?)

Sasa si shemeji yako tena. Ni mwanamume kama wengine wote. Jumapili litaje jina lake mpaka ulichoke. Pata kazi yako, mdogo wangu, angalau mmoja wetu apate kitu.

Skola


Makovi,
Ijumaa, 18 Julai 1986

APO, USILITAJE!

Yule wa gauni jekundu ni mtoto wa dada yake, amerudi kutoka shule Rabaul! Jana mchumba wangu alikuja kwa miguu, akasimama nyuma ya jiko letu, mkoba ameuning'iniza kichwani kwa kamba yake kama mwanamke, akasema haondoki mpaka niuchukue. Kuku walimzunguka. Mama akajifanya haoni. Nimeuchukua.

Kwa hiyo ni shemeji yako tena, kuliko hata mwanzo. Barua hii nampa Bosko sasa hivi. Ameapa kwa kaburi la bibi yake kwamba utaipata kesho.

Skola


Kimbe,
Jumatatu, 21 Julai 1986

Dada yangu Skola,

Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeirudia mpaka imechanika. Nililia kwa ajili yako. Halafu, nisamehe, nilifurahi kidogo, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umefunguliwa.

Ulisikia? Najua ulisikia. Niliandika mwenyewe, sikusaidiwa:

"Kautu Mapa ameipa Lolobea kombe. Mapa alifunga trai mbili dhidi ya Mamba wa Makovi. Mbio za Kautu Mapa ziliwaacha walinzi wamelala. Baada ya mchezo, Kautu Mapa alibebwa mabegani."

Kila nilipovuta pumzi niliitoa na jina lake. Sauti haikutetemeka, karatasi haikulia. Nilikuwa nakusimulia wewe, nikiwa na hasira kidogo kwa ajili yako, na hasira inasaidia sana kutamka. Bwana Vagi aliingia studio kabla taa nyekundu haijazimika vizuri, akanishika mikono yote miwili. "Hiyo! Hiyo ndiyo nani!" Wakubwa wa Port Moresby walipiga simu wakauliza huyu msichana alikuwa wapi siku zote. Ijumaa natia saini. Dada, mimi! Ambaye shuleni nilikuwa najificha nisiitwe kusoma ubaoni.

Bosko ameingia sasa hivi. Anasema kuna barua yako nyingine, ilikuwa imeteleza nyuma ya kiti chake tangu Ijumaa. Ngoja niifungue, nikujibu zote kwa pamoja.

Dada.

Dada, nisamehe.


Makovi,
23 Julai 1986

Apo,

Usilie, au lia lakini usome.

Papa walikuwa kwenye lori wanarudi na kombe, wanaimba, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Yeye alikuwa amelivaa kombe kichwani. Ulipolitaja jina mara ya kwanza, dereva akafunga breki. Mara ya pili, wakaacha kuimba. Mara ya tatu alilivua kombe akalishika mapajani. Ya nne hakuna anayetaka kuieleza. Mama yake alikuwa anawasubiri kwa shangwe njia panda, akaketi palepale barabarani.

Jana wajomba zake wamekuja. Wameketi uani kwetu, hawasemi, na popoo wamekataa. Baba alianza kwa furaha. "Mnadai nini? Hakuna mkwe, hakuna tusi. Binti yangu amesoma habari."

Bi Veronika alikuwa anapita na kuni. Unajua huwa hapiti tu. "Sawa, Golu. Basi tuelewane. Wiki zote zile binti yako alilificha jina bure, na Jumapili akalipigia kelele bure. Ni mwehu au hana adabu? Niambie, nikawaeleze watu."

Tangu jana Baba ameketi karibu na zizi anamtazama yule nguruwe wa Krismasi. Akimpeleka Lolobea, amekiri kwamba wale ni wakwe zetu, maana mtu halipi tusi la jina la mpita njia. Asipompeleka, wewe ndiye uliyetukana watu redioni na ukoo wako umekaa kimya. Na mimi nitauning'iniza mkoba huu kwa mara ya mwisho.

Leo amesema nami moja kwa moja, si kwa kupitia mbwa. Amesema, "Niache."

Skola


Kimbe,
25 Julai 1986

Baba mpendwa,

Nimemweleza Bwana Vagi yote, tangu mkoba. Aliketi juu ya meza yake.

"Yaani mkoa mzima ulijua, isipokuwa mimi?"

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi ndiye mkuu wa habari."

"Ndiyo, bwana."

Alicheka mpaka akakohoa, kikohozi cha kweli. Halafu aliacha kucheka. Lolobea yote imezima redio, Baba, na vijiji vya jirani vimewafuata. Amesema hawezi kuajiri sauti ambayo watu wanaizimia redio. Mkataba wangu ameurudisha kwenye droo mpaka Lolobea wawashe tena, na hawezi kusubiri sana.

Sikuombi nguruwe. Najua umemlea tangu akiwa wa kubebwa. Naomba tu ujue kwamba adabu sikukosa, nilikosa barua. Na usimlaumu Skola kwa mdomo wangu.

Nimeshafunga mzigo wangu. Bosko atanirudisha baada ya wiki mbili. Naomba uniachie kikapu kimoja cha kuokotea, cha Mama ni kikubwa kwangu.

Binti yako,
Apolonia


Makovi,
4 Agosti 1986

Apolonia,

Usipande lori la Bosko. Kwanza ni mpumbavu. Pili, huna kazi huku.

Jumamosi nimempeleka nguruwe Lolobea. Alikuwa mzito na njia ni mbaya. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba ni kwa ajili ya mdomo wako, asidhani mengine. Bi Veronika alinifuata nyuma njia nzima, hakualikwa, akawa anawaeleza hayo mengine wale wale niliowaeleza mimi.

Wajomba walimpokea. Mama wa yule kijana alimpa Mama yako mkono, wakaanza kulia wote wawili. Sijui wanawake wanalilia nini nguruwe akiwa wangu. Nguruwe alipokata kamba, yule kijana alimkamata mguu wa nyuma katika mbio, akaanguka naye matopeni, hakumwachia. Ana mikono mizuri. Sikatai. Alinikaribisha samaki. Nilikula.

Huyo Bwana Vagi wako alikuwepo. Amekuja mwenyewe na gari na mashine ya kunasia sauti, anasema Lolobea wakizisikia sauti zao hawataweza kuacha redio imezimwa. Kweli, wamewasha. Amesema mkataba wako ameshautoa kwenye droo, uanze mara moja, ila matokeo ya raga atasoma yeye mwenyewe mpaka yule kijana atakapozeeka.

Alinisogezea kile chuma mdomoni mbele ya watu wote. "Mzee Golu, waeleze wasikilizaji. Nguruwe huyu ni kwa sababu ya jina la nani?"

Mama yako akaniangalia. Skolastika akaangalia chini, mkoba ameuning'iniza kichwani, siku hizi hauvui hata kulala. Nilikuwa na lile jina hapa kwenye koo. Wewe unajua nimelitukana uwanjani mara ngapi, wala halijawahi kunikwama.

Nikanyoosha kidole. "La huyo pale."

"Huyo nani, mzee?"

"Huyo mwenye matope."

Walicheka mpaka nguruwe akaponyoka tena. Bwana Vagi alingoja niongeze kitu. Sikuongeza. Basi akazima mashine, akaiweka begani, akasema imetosha, msikilizaji ataelewa.

Baba yako,
Golu Sege